Njia ya Jibu: Mhadhara Kuhusu Anwani Ndani ya Mtandao wa Simu



Ndoa yetu ilipokuwa bado changa, mke wangu aliniuliza kazini nafanya nini hasa. Nikamwambia napanga majedwali. "Majedwali ya nini?" Ya kuziambia meseji zipite wapi. Akafikiri kidogo, akasema: "Kumbe wewe ni mpiga debe." Siku ile nilinuna. Leo nimestaafu, na sijamsikia mtu mwingine aliyeieleza kazi yangu vizuri kuliko hivyo. Mpiga debe wa stendi hampeleki abiria Sumbawanga. Hajui abiria anakaa mtaa gani, wala atapokelewa na nani. Anachojua ni kwamba anayesema Sumbawanga apande basi lile pale, na basi lile likijaa au likiharibika, apande lile jingine.

Nimekuja kuieleza kazi ya mpiga debe huyo ndani ya mtandao wa simu, na nimekuja na dai moja ambalo nililipia kwa aibu kabla sijalielewa. Kuufikisha ujumbe ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulirudisha jibu, na huko ndiko nilikokuta maradhi mengi ya mitandao.

Barabara mbili

Ukipiga simu, sauti yako hupita njia moja na mazungumzo ya mitambo hupita nyingine. Mitambo huulizana: huyu anamtaka nani, yuko wapi, simu yake imewashwa, ana salio? Maulizano hayo ndiyo tunayoyaita ishara.

Zamani vyote vilipita waya mmoja. Marekani, mlio wa hezi 2,600 uliuambia mtambo kwamba njia ya masafa marefu iko wazi. Vijana wenye masikio makali wakaligundua hilo. Mmoja wao, John Draper, alipata jina la utani la Captain Crunch kwa sababu filimbi ya plastiki iliyotiwa kama zawadi ndani ya boksi la nafaka za asubuhi ilitoa mlio uleule. Mwenye filimbi aliusemesha mtambo kana kwamba naye ni mtambo, akapiga simu za mbali bila kulipa.

Dawa iliyokuja kuenea duniani ilikuwa kuzitenga njia hizo. Mwaka 1980 CCITT, chombo cha viwango vya simu ambacho siku hizi kinaitwa ITU-T, kilichapisha maelezo ya mfumo wa ishara namba 7, ambao mafundi tunauita SS7. Sauti ikapewa barabara yake na ishara zikapewa yake, na mwenye filimbi akabaki kujipulizia upepo.

Waliouandika mfumo huo hawakuwa wanaifikiria simu ya mkononi iliyomo mfukoni mwako. Hata hivyo ndio uliobeba meseji zetu zote za kawaida, na menyu zote zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa reli. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, ombi la kutuma pesa lilisafiri kama meseji kutoka kwenye laini ya mteja. Nasi Tanzania tulipozoea kubonyeza nyota 150 nyota 00 reli, tulikuwa tunazungumza moja kwa moja kwenye barabara ya ishara. Kwa hiyo mpiga debe ninayemzungumzia hashughuliki na salamu za sikukuu tu. Mikononi mwake hupita pia ada za shule na pesa za dawa.

Namba si mahali

Sisi tuliokulia kwenye S.L.P. tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko Wazungu. Sanduku la posta halina kitanda ndani yake. Babu yangu aliandikiwa barua hivi: jina lake, kwa mkono wa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi fulani, namba ya sanduku, Sumbawanga. Karani wa Dar es Salaam alisoma neno la mwisho tu, akaitupia barua kwenye gunia la Sumbawanga. Karani wa Sumbawanga alisoma namba ya sanduku. Mwalimu Mkuu alisoma jina. Mtoto wa darasa la nne aliyeijua njia ya mtoni akaibeba hadi mlangoni. Watu wanne walishika bahasha moja, kila mmoja akasoma kipande kinachomhusu na kuipeleka kwa anayefuata.

Mtandao wa ishara nao husoma anwani kipande kwa kipande. Kila kituo ndani yake kina namba ya kituo yenye urefu wa biti 14 kwa viwango vya kimataifa, na biti 14 hutoa namba 16,384 tu. Hizo hazitoshi mitambo ya dunia nzima, kwa hiyo kila nchi huzitumia upya ndani ya mipaka yake. Swichi ya Dar es Salaam na swichi ya Muscat zinaweza kuwa na namba moja ya kituo bila kugombana, kama vile Barabara ya Uhuru ilivyo katika miji kadhaa. Lakini ukiwa Dar ukasema "nipeleke Uhuru", hakuna atakayedhani unakwenda mji mwingine. Namba ya kituo hukuvusha hadi kwa jirani yako, basi.

Kwa safari ndefu inahitajika anwani inayosomeka kila mahali. Mafundi huiita kwa kifupi GT, nayo kwa kawaida ni namba ya simu ya kimataifa uliyopewa mtambo badala ya mtu: tarakimu zisizozidi 15, zikianza na 255 kwa Tanzania, 254 kwa Kenya, 968 kwa Oman. Kila swichi ina yake, na kila kituo cha meseji na kila daftari la wateja vilevile. Kutafsiri anwani ni kuitazama GT hiyo na kuamua hatua moja tu: kutoka hapa nilipo, kituo gani kinafuata?

Kwamba namba si mahali, sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wenyewe. Kwa miaka mingi Kenya, Uganda na Tanzania tulipigiana kama majirani wa uani, bila kupitia namba ndefu za kimataifa: 005 kwa Kenya, 006 kwa Uganda, 007 kwa Tanzania. Na katika orodha ya dunia Zanzibar ilitengewa namba yake ya nchi, 259, ambayo haikuwahi kutumika. Simu ya mezani ya Unguja hupigwa 255 kisha 24. Visiwa havijasogea hata hatua moja. Kilichoamua simu ipite wapi ni makubaliano ya watu, yaliyoandikwa kwenye majedwali.

Kijana wa Tandika ashuka Muscat

Tumfuate kijana mmoja wa Tandika anayekwenda Muscat kumsalimia shangazi yake. Ndege inatua, anawasha simu. Simu haitoi namba yake ile ya sufuri-saba. Inatoa namba ya laini, IMSI, yenye tarakimu 15: tatu za mwanzo, 640, zinasema Tanzania, mbili zinazofuata zinasema kampuni, kumi zilizobaki zinamtaja mteja.

Swichi ya Muscat haimjui kijana huyu. Haijui kama laini yake ni halali au imefungwa, wala kama amenunua huduma ya kutumika ugenini. Anayejua ni daftari la nyumbani, HLR, lililoko Dar es Salaam. Muscat inalo daftari la wageni, VLR, na ili limwandike mgeni lazima liombe ruhusa kwa daftari la nyumbani kwao.

Hapo inazuka shida ndogo yenye utamu wake. IMSI si namba ya simu, na barabara za kimataifa za ishara hazielekezwi kwa 640. Kwa hiyo Muscat huondoa tarakimu tano za mwanzo, 640 na zile mbili za kampuni, na mahali pake huweka 255 na tarakimu za simu za kampuni hiyo. Kumi za mteja hubaki zilivyo. Kinachopatikana kichwa chake ni namba ya simu ya Tanzania na mkia wake ni namba ya laini. Wataalamu hukiita E.214. Mimi humwita popo, kwa kuwa si ndege wala si mnyama, lakini usiku anaruka na anafika.

Ombi linaondoka likiwa na anwani mbili. Ya kwanza ni ya anayepelekewa: yule popo, pamoja na mlango namba 6. Ya pili ni ya mtumaji: GT ya daftari la Muscat inayoanza na 968, pamoja na mlango namba 7. GT hukufikisha kwenye jengo, na namba ya mlango hukuambia ugonge wapi. Duniani kote 6 ni daftari la nyumbani, 7 ni daftari la wageni, 8 ni swichi.

Kituo cha kupitishia ishara cha Muscat kinasoma 255 na kulikabidhi ombi kwa msafirishaji wa kimataifa. Msafirishaji anasoma 255 na tarakimu mbili zaidi, anamkabidhi mwenye kampuni ya Tanzania. Kituo cha Dar es Salaam kinasoma ndani zaidi, kwa sababu huenda kuna madaftari manne na mteja ameandikwa katika moja tu. Hapo tafsiri inafika mwisho: kituo kinasema, sasa acha kusoma GT, nenda jengo hili, mlango huu.

Daftari linamtambua kijana. Linaandika kwamba sasa yuko kwa mwenye GT ile ya 968, linaliagiza daftari la wageni la Dar limfute, kisha linaijibu Muscat. Wanafunzi, hapa ndipo naomba kalamu zitoke. Jibu hilo halirudi kwa nyayo za ombi. Hakuna kituo njiani kinachokumbuka kwamba ombi lilipita. Daftari huchukua anwani ya mtumaji, huigeuza kuwa anwani ya mpelekewa, na kuanza safari mpya kabisa inayoongozwa na majedwali mengine, mengi yao yakiwa mikononi mwa watu ambao hujawahi kuonana nao. Ni sawa na barua ya majibu: mtoto aliyeleta ya kwanza hayumo.

Jedwali lenyewe

Kwa wale watakaoajiriwa kazi hii, nieleze mstari wa jedwali ulivyo.

Kabla ya kusoma tarakimu, kituo hutazama aina ya anwani: imefuata mpango upi wa namba, E.164 ya kawaida au popo wetu, na imeandikwa kwa namna ya kitaifa au ya kimataifa. Mambo haya yanaonekana madogo mpaka siku meseji yenye tarakimu zinazoanza na 255 inapoingia ikiwa imebandikwa lebo ya "kitaifa". Jedwali linatii lebo na kuongeza 255 mbele, na wewe unabaki kushangaa namba inayoanza 255255, ambayo si ya mtambo wowote. Ni kosa la yule msafiri aliyehifadhi namba zote kwa sufuri, akafika ugenini na kila simu inagoma.

Kisha husomwa tarakimu, na mstari mrefu zaidi unaolingana ndio unaoshinda. Ukiwa na mstari wa 255 na mwingine wa 255 ukifuatiwa na tarakimu nne zaidi, wa pili ndio wenye kauli. Kanuni hii nzuri ina mtego. Ukiufuta mstari mrefu kwa bahati mbaya, meseji haisimami ikapiga kelele. Inaangukia kwenye mstari mfupi na kuondoka kimyakimya kwenda kwingine. Kosa la kuongeza hujulikana siku hiyohiyo, lakini kosa la kufuta linaweza kulala miezi.

Mwisho ni matokeo: kituo kinachofuata, na kituo cha akiba ikiwa cha kwanza kimezimika. Vituo vya kupitishia ishara hujengwa viwili viwili kama mapacha. Hatari ni pale kila pacha anapomwona mwenzake kuwa ndiye akiba: huyu anampa yule, yule anamrudishia huyu, na meseji inazunguka kama konda anayetafuta chenji. Aina mpya ya bahasha ina kihesabu cha hatua kisichozidi 15, nayo hufa ikifika sifuri. Aina ya zamani, ambayo bado ni nyingi, haina kihesabu chochote.

Tafsiri ikishindikana na mtumaji akawa ameomba kuarifiwa, bahasha hurudishwa na sababu. Sababu namba 0 maana yake hakuna tafsiri ya anwani ya aina hii, na sababu namba 1 maana yake hakuna tafsiri ya anwani hii mahususi. Fundi mvivu huzisoma kama kitu kimoja. Fundi makini anajua kwamba ya kwanza inamwambia jedwali lote halipo, na ya pili inamwambia jedwali lipo ila mstari umekosekana.

Msidhani kosa la herufi moja ni jambo dogo. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai 1991 simu ziligoma katika Washington, Los Angeles, Pittsburgh na miji mingine ya Marekani. Chanzo kilikuja kuonekana katika programu ya vituo vya kupitishia ishara vilivyotengenezwa na kampuni ya DSC Communications ya Texas: mahali palipotakiwa herufi D paliandikwa tarakimu 6.

Kisa cha laki tano

Sasa nije kwenye aibu yangu. Kampuni niliyoitumikia wakati huo sitaitaja, na ya ng'ambo vilevile.

Tulinunua kituo kipya cha meseji. Mimi ndiye niliyekipa GT, kutoka mfululizo mpya wa namba ambao hatukuwahi kuutumia kwa mitambo. Nikapanga majedwali, nikajaribu meseji ndani ya nchi, nikajaribu kwa wateja waliokuwa nchi mbili za jirani. Zote zikafika. Saa nane usiku tukahamisha mzigo, saa kumi na moja nikaenda kulala nikijisifu.

Siku ya tatu alikuja ofisini mfanyabiashara wa Kariakoo aliyetoka Dubai kununua mzigo. Alikuwa na hasira ya mtu aliyekosewa na ndugu. Akiwa kule, mdogo wake alimtumia meseji: "Kaka naomba laki tano ya kodi." Akaisoma. Baada ya dakika chache ikaja tena. Kisha tena. Usiku kucha, maneno yaleyale, kila mara baada ya muda mrefu zaidi. Alipopiga simu kumfokea mdogo wake kwa kumganda, kijana aliapa kwa Mungu kwamba ametuma mara moja tu. Kaka hakumwamini. Walikuwa hawajazungumza tangu usiku ule.

Tukarekodi ishara zinazopita. Upande wetu tuliona meseji ikitoka, na baada yake kimya. Kituo cha meseji kisipopata jibu hudhani mteja hakupatikana, kwa hiyo hungoja kidogo na kujaribu upya, kisha hungoja zaidi, mpaka muda wa meseji uishe. Nikampigia fundi mwenzangu wa ng'ambo. Akaniambia kwa upole: "Ndugu yangu, meseji yenu naiona. Nimemfikishia mteja. Na nimewajibu." Sote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Kumbe wao walikuwa watu wa utaratibu mkali. Hawakufungua njia ya 255 nzima. Walifungua mifululizo tuliyowaandikia katika ile hati ambayo kampuni za simu hupeana kutaja GT zao. Mfululizo wangu mpya haukuwemo, kwa sababu sikuuandika. Meseji iliwafikia kwa kuwa GT yao sisi tuliijua. Jibu lilikufa mlangoni kwao kwa kuwa GT yetu wao hawakuijua. Mdogo wa mfanyabiashara alitukanwa usiku ule kwa sababu mimi niliwaza kwenda na sikuwaza kurudi.

Tulirekebisha kwa mstari mmoja. Mfanyabiashara nilimwandikia barua ya kuomba radhi, naye akaniomba nyingine, imwendee mdogo wake. Niliiandika.

Namba zilizohama

Mpiga debe alizoea kutazama tarakimu za mwanzo na kujua basi. Kenya ilipoanza kuruhusu mteja kuhama mtandao bila kubadili namba mwezi Aprili 2011, na Tanzania ilipofuata Machi 2017, mazoea hayo yalivunjika. Namba iliyozaliwa kwa kampuni moja ilianza kulala kwa nyingine.

Wengi hudhani kila kitu kilivurugika, kumbe sivyo. Anayehama hupewa laini mpya, na laini mpya ina IMSI ya kampuni mpya. Kwa hiyo kijana wetu akishuka Muscat baada ya kuhama, popo wake huruka moja kwa moja hadi daftari la nyumba mpya bila msaada wowote. Kinachovurugika ni maswali yanayoulizwa kwa namba ya simu, mathalani mama yake anapomtumia meseji na kituo kikauliza, "Mwenye namba hii yuko wapi?" Swali hilo haliwezi tena kuamuliwa kwa kusoma mwanzo wa namba, lazima lipite kwanza kwenye orodha ya waliohama, inayosoma namba nzima na kulisukuma kwa daftari sahihi. Fundi anayejua tofauti hii huokoa siku mbili za kutafuta kosa mahali lisipo.

Jibu kwa asiyestahili

Nimesema daftari hujibu anwani yoyote iliyoandikwa kama mtumaji. Mtu mwema huona hapo urahisi. Mtu mbaya huona mlango.

SS7 iliandikwa wakati ambapo waliokuwa na mitambo ya simu walikuwa mashirika machache, mengi yakiwa ya serikali, ya aina ya lile la Posta na Simu la Afrika Mashariki lililokuwepo hadi jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Aliyekuwa ndani ya barabara ya ishara alihesabiwa kuwa mwenyeji, na mwenyeji haulizwi kitambulisho. Mwaka 2008 Mjerumani Tobias Engel alionyesha katika mkutano wa wadukuzi nchini kwao jinsi swali la kawaida la meseji linavyoweza kufichua mtu yuko eneo gani. Mwaka 2014 yeye na mwenzake Karsten Nohl wakaonyesha makubwa zaidi, pamoja na kusikiliza simu za watu. Na Januari 2017, wezi waliokwisha kuiba nywila za benki za wateja huko Ujerumani walizigeuza njia za meseji zao ili namba za siri za kuthibitisha malipo zisomwe na wao. Kampuni ya O2-Telefónica ililithibitisha tukio hilo.

Hapa njia ya jibu inatufundisha tena. Anayetaka kuharibu tu, mathalani kumfuta mteja kwenye daftari, anaweza kuandika anwani ya uongo kwa kuwa jibu halimhusu. Anayetaka kujua jambo lazima jibu limfikie, kwa hiyo lazima awe na GT ya kweli. Ndiyo maana lilizuka soko la kukodisha GT, kampuni yenye namba halali ikimpa mwingine azitumie. Aprili 2025 Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa Uingereza, ilipiga marufuku ukodishaji huo kwa namba za nchi yake.

Kampuni nazo huweka walinzi mpakani. Mlinzi huuliza maswali matatu. Je, ombi la aina hii lina sababu yoyote ya kutoka nje ya mtandao wetu? Je, anayeuliza habari za mgeni huyu ni kweli anatoka nyumbani kwao mgeni? Na anayedai kwamba mteja wetu yuko kwake, je, inawezekana? Aliyekuwa Tandika saa nne asubuhi hawezi kuwa Amerika Kusini saa nne na nusu.

Kizazi kipya, swali lilelile

Mtaniuliza: mzee, haya si mambo ya jana? Mtandao wa 4G hautumii SS7 kwa kazi hizi. Hutumia itifaki iitwayo Diameter, na badala ya GT kuna majina yanayofanana na anwani za intaneti, yakibeba ndani yake ile 640 yetu. Ni kweli. Na waliouandika mfumo huo walibadilisha jambo nililowasumbua nalo jioni yote: katika Diameter jibu hurudi kwa nyayo zilezile, kila kituo kikikumbuka ombi lilitoka kwa nani. Mfanyabiashara wangu asingeteseka.

Lakini tazameni kilichotokea. Kwa kuwa jibu halihitaji tena anwani ya mtumaji ili lirudi, anayeandika jina la uongo sasa anapata jibu lake vilevile. Kwenye SS7 mwongo alilikosa jibu. Kwenye Diameter kituo chenye kumbukumbu nzuri humletea mkononi. Ufa mmoja umezibwa na udongo uliochimbwa ukutani palepale. Ndiyo maana sifundishi majina ya itifaki peke yake. Yatabadilika kabla hamjamaliza kulipa mikopo ya elimu.

Baada ya kisa cha laki tano nilibadilisha fomu ya kazi tuliyokuwa tukijaza kabla ya kugusa jedwali. Ilikuwa na safu za tarehe, jina la fundi, mstari unaoongezwa, mstari unaofutwa, na kituo cha akiba. Nikaongeza safu moja yenye maswali mawili: "Nani atanijibu? Atapita wapi?" Vijana walilalamika kwamba inawachelewesha, kwa sababu ili kuijaza ilibidi kumpigia simu fundi wa nchi nyingine na kumuuliza kama anatujua. Nikawaambia hiyo ndiyo kazi. Kuandika tarakimu hata mashine inaweza.

Nimesikia fomu ile bado inatumika, na safu ile bado inalalamikiwa.